Anzeni na wale mnaowaogopa

Toleo lililopita nilijibu barua fupi ya msomaji aliyeuliza kama ulinzi wa usiku unatosha kuzuia vijana wasiumizane mtaani. Nilimwambia hautoshi, kwa sababu mlinzi hufika ugomvi umeshaiva. Tangu hapo barua zimejaa mezani kwangu, na nyingine zimeandikwa na watu ambao majeraha yao bado mabichi. Kwa msionifahamu: kabla ya kuandika safu hii nilikuwa afisa wa ustawi wa jamii kwa miaka 31, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilishughulika na vijana wenye kesi za vurugu. Nilikaa nao mahakamani, mahabusu na vibarazani kwao. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona huko, na mengine nimeyasoma baadaye katika tafiti zilizonionyesha nilipokosea. Nimechagua barua tano.

*Mama, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu. Miezi minne iliyopita vijana wa upande wa juu na wa upande wa chini walipigana, mmoja akachomwa kisu akafariki. Alikuwa na miaka 19. Tumepata mfadhili wa miezi mitatu, na tumepanga mambo matatu: ligi ya mpira, kambi ya wiki moja kwa vijana 60 watukutu, na ziara ya gerezani wakajionee mwisho wa njia hiyo. Wengi tunaona ziara ndiyo itangulie ili iwatie hofu. Unatushauri tuanze na lipi? – Katibu*

Marahaba, mwanangu Katibu. Poleni sana kwa msiba. Nitaanza na ziara kwa sababu hiyo ningewaomba muifute kabisa.

Jambo hilo limeshajaribiwa sana. Miaka ya 1970, katika gereza la Rahway huko New Jersey, Marekani, wafungwa wa vifungo virefu walikuwa wakiletewa vijana, wanawafokea na kuwaeleza mabaya yote ya mle ndani. Mwaka 1978 ikatengenezwa filamu, na mpango ukaigwa kwingine. Baadaye watafiti walikusanya majaribio ambayo vijana waligawanywa kwa kura ya bahati nasibu, wengine wakapelekwa gerezani na wengine wakabaki nyumbani. Waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi baadaye.

Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka vijana 14, na nilikuwa na nia njema kama mliyo nayo nyinyi. Kule ndani walikuwa kimya, wengine macho yaliwalenga machozi. Nikasema kazi imekwisha. Tukiwa njiani kurudi, mvulana wa miaka 15 aliyekaa kiti cha nyuma yangu alikuwa akiwahadithia wenzake jinsi mfungwa mmoja alivyompa mkono na kumwita "mdogo wangu". Alilirudia neno hilo mpaka tukafika. Mtoto yule baba yake alimwacha akiwa na miaka sita. Siku ile nilimtafutia kaka, na nikamtafutia gerezani.

Kambi nayo ina hatari ambayo watu wema hatuipendi kuisikia. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani, ulianza mpango mkubwa wa kuwasaidia wavulana wadogo wasije wakawa wahalifu. Wavulana 506 waligawanywa makundi mawili yanayolingana. Kundi moja lilipata washauri waliowatembelea nyumbani, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo, na kwa wengi ilidumu miaka mitano au zaidi. Zaidi ya miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima. Waliosaidiwa walikuwa katika hali mbaya zaidi kuliko wenzao: ulevi zaidi, makosa ya kurudiarudia zaidi, na waliokufa walikufa mapema zaidi. Alipochambua zaidi aliona kwamba madhara yalikuwa makubwa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukiwakusanya watukutu 60 mahali pamoja, kila mmoja anapata hadhira ya watu 59. Mwenye kisa cha kutisha ndiye anayesikilizwa usiku, na asiye na kisa atakitafuta.

Sasa ligi. Ligi si mbaya, Katibu, na watoto wenu wanahitaji kucheza. Lakini nami niliwahi kuwa na ligi. Timu nane, jezi, filimbi, picha za ripoti. Daftari langu la usajili lilikuwa na majina 112. Mtaa ule ulikuwa na vijana watatu ambao ungemuuliza mtu yeyote, hata mtoto, angekutajia: hawa ndio wanaoanzisha. Majina yao hayakuwemo daftarini. Kila jioni walikaa kwenye ukuta mfupi upande wa goli, wakitazama. Niliwaona, na kusema kweli nilifurahi kwamba hawakuja kusumbua. Siku ya nusu fainali ugomvi ulianzia pale ukutani, na aliyepasuliwa kichwa alikuwa kipa wa timu yangu.

Hapo ndipo penye jibu langu, na ndilo ningependa ulipeleke kwenye kikao. Mipango ya mitaa yetu huwachukua vijana wanaokuja wenyewe, na wanaokuja wenyewe kwa kawaida si wale wanaoua. Katika mji wa Boston, miaka ya 1990, watafiti walikaa na polisi, wahudumu wa vijana na watu wa probesheni (wanaowasimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya jela) wakachora ramani ya nani anagombana na nani. Walikuta magenge yapatayo 60 yenye vijana kama 1,300. Hao hawakufika hata asilimia 1 ya vijana wa mji, lakini walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Mwaka 1996 mji ukaanza kuzungumza nao ana kwa ana: mauaji yakitokea, kundi zima litafuatiliwa, anayetaka kutoka, msaada huu hapa. Mauaji ya vijana yalishuka kwa zaidi ya nusu.

Mtaa wenu si Boston, na huenda wa kwenu ni wanane au kumi na wawili tu. Basi fanyeni hivi. Watu watatu wanaoaminika wakae faragha waandike majina hayo. Orodha hiyo isibandikwe popote, isisomwe mkutanoni, na isiwe ya kukamatia watu. Mbele ya kila jina andikeni jina la mtu mzima mmoja ambaye kijana huyo bado anamsikiliza: mjomba, fundi aliyewahi kumfundisha kazi, kocha wa zamani, bibi yake. Huyo ndiye aende kwake, aende nyumbani, na aende tena wiki inayofuata hata akifukuzwa. Mmoja mmoja, siyo kambi.

Pesa za jezi walipeni watu wawili wanaofahamika kote, juu na chini, wafanye kazi ya kupita jioni na kuzima maneno kabla hayajawa mapanga. Mwambieni mfadhili ukweli kwamba ni afadhali kiasi kidogo kwa mwaka mzima kuliko kingi kwa miezi mitatu. Kijana aliyeachwa na watu wazima wengi anawapima kwanza, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kupima. Mkiondoka hapo mmemthibitishia alichokuwa anakifikiri.

Kama kuna anayeweza kutoa kazi, zikitafutwa hata za muda mfupi, zitafaa. Mjini Chicago mwaka 2012 vijana 1,634 kutoka shule za maeneo yenye vurugu waliingizwa kwenye kura, walioshinda wakapewa kazi za saa 25 kwa wiki kwa wiki nane tu, na mtu mzima wa kuwaongoza kazini. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwao kwa makosa ya vurugu kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa wale waliokosa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana baada ya kazi kwisha, kwa hiyo huwezi kusema walikosa tu nafasi ya kupigana. Huenda walijifunza kupokea amri na kukosolewa bila kuona wamedharauliwa.

Na muwe na kalenda. Kisasi kina tarehe zake: siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku inayotimia mwaka tangu afe, siku mtuhumiwa anapopata dhamana, siku ya hukumu. Ziandikeni. Siku hizo watu wenu wawili wasiwe na kazi nyingine yoyote, na mmoja wao alale karibu na nyumba ya marehemu. Nimewahi kupoteza kijana kwa sababu sikujua kwamba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya rafiki yake aliyeuawa.

*Mama, nakusoma siku nyingi lakini safari hii umenikera. Mnawabembeleza wahuni. Duka langu limevunjwa mara mbili. Sisi tulilelewa kwa viboko na tukanyooka. Samaki mkunje angali mbichi. Polisi wafanye kazi yao, basi. – Msomaji mwenye hasira*

Pole, kaka yangu. Hasira yako ina haki, na ningekuwa mimi niliyekuta kufuli limekatwa asubuhi mara mbili, ningeandika barua ndefu kuliko yako. Sijasema polisi wakae kando. Aliyevunja duka lako ashtakiwe.

Lakini nikupe mfano wa polisi wenyewe. Glasgow, Uskochi, ulikuwa mji unaojulikana kwa visu. Mwaka 2005 jeshi la polisi la huko lilianzisha kitengo cha kupunguza vurugu, kikiongozwa na Karyn McCluskey na John Carnochan. Walichosema ni kwamba wamekamata kwa miaka mingi na visu havijapungua, kwa hiyo wataziangalia vurugu kama daktari anavyoangalia ugonjwa: zinaanzia wapi na zinaenea vipi. Mwaka 2008 waliwaita vijana wa magenge mahakamani, bila ya kuwashtaki. Polisi aliwaambia wazi kwamba wanajulikana na watafuatwa. Daktari wa upasuaji akaeleza kisu kinaufanyia nini uso wa mtu. Mama mmoja akasimama akaeleza jinsi mwanawe alivyoshambuliwa. Mwishoni wakapewa namba ya simu ya kupiga kama wanataka kutoka. Ukali ulikuwepo pale, kaka, na mlango nao ulikuwepo.

Kuhusu viboko, vijana wengi niliowafuata mahabusu walikuwa wamepigwa tangu wadogo, na kupigwa ndiko walikojifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Methali inasema mkunje. Haisemi mvunje.

*Mama, naandika usiku. Mwanangu wa miaka 16 alivamiwa wiki mbili zilizopita akitoka shule, akashonwa nyuzi saba kichwani. Tangu hapo hasemi na mtu. Juzi nilipokuwa natandika nimekuta kisu chini ya godoro. Nimekirudisha palepale. Baba yake hajui, akijua atampiga. Nikikichukua atatafuta kingine. Nisaidie. – Mama Mzazi*

Mama mwenzangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Naomba usisubiri toleo lijalo wala ushauri wa mtu mwingine. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwake.

Kisu cha chini ya godoro, kwa mtoto mwenye nyuzi saba kichwani, mara nyingi ni kisu cha woga. Kwa hiyo usianze na "Hiki ni nini?", maana atajibu uongo na mazungumzo yatakufa. Kaa kitandani kwake, taa iwe hafifu, muulize: "Unamwogopa nani?" Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, nawe utatamani kukijaza na maneno. Vumilia. Akishasema, mwambie umekiona, na mwombe akupe mkononi mwako. Watoto wengi niliokaa nao walitoa kisu chenyewe baada ya mtu mzima kuahidi kitu kinachoeleweka: nitakuja kukuchukua shuleni, utapita njia nyingine, utalala kwa shangazi yako wiki hii. Akikupa kisu bila kupata kitu badala yake, woga haujaondoka, na hapo ni kweli atatafuta kingine.

Mume wako mpe kazi, usimfiche. Mwambie wewe ukiwa mtulivu, na umwambie hivi: "Mtoto anaogopa. Anahitaji atembee na wewe." Baba anayesimama nje ya lango la shule kwa wiki mbili anafanya kazi ambayo mkanda hauwezi kuifanya.

Halafu kuna jambo la kufanya naye kwa wiki kadhaa. Kuna mpango wa Chicago uitwao Becoming a Man, wa wavulana wa shule. Siku za mwanzo vijana hugawanywa wawili wawili. Mmoja anapewa mpira, mwenzake anaambiwa: una sekunde 30, upate mpira huo. Basi ni kuvutana, kukabana, kuangushana chini. Muda ukiisha mwalimu anauliza: kuna aliyemwomba mwenzake ampe? Karibu hakuna. "Angeniona mjinga," ndivyo wanavyojibu. Mwalimu anamgeukia mwenye mpira: ungeombwa, ungempa? Naye husema, ningempa, mpira wenyewe wa nini. Mchezo ni huo tu, dakika chache, lakini kijana anagundua kwamba kichwa chake kilikwishaamua kabla yeye hajafikiri. Majaribio mawili makubwa yalionyesha kwamba wavulana waliokuwa kwenye mpango huo walikamatwa kwa makosa ya vurugu pungufu kwa asilimia 45 hadi 50 wakati mpango ukiendelea. Ulipokwisha, nafuu hiyo haikudumu vilevile, ndiyo maana nasema wiki kadhaa na si siku moja.

Mimi sikuwa na mpira. Nilikuwa na kijana mmoja wa umri wa mwanao, tukatumia karatasi ya nyuma ya daftari lake la hesabu. Aliandika mistari mitatu: mahali watakapomkuta, maneno watakayomwambia, na atakalojibu. Kwenye mstari wa pili aliandika "mtoto wa mama". Alisema neno hilo likitoka hawezi kujizuia. Basi tukaigiza. Mimi nikawa mwenye kumtukana, nilimwita hivyo mara kumi, mara ishirini, naye anapita na kusema, "Nina haraka, kaka," bila kusimama. Mara ya kwanza ngumi zilikunjwa na sauti ikatetemeka. Mara ya ishirini alicheka. Ilimchukua majuma matatu kufika hapo. Wewe au baba yake mnaweza kuigiza hivyo hivyo sebuleni.

Akikutajia siku, au mahali, au jina la anayepanga kumlipiza, hilo usilifanye siri ya familia. Tafuta mtu anayeheshimiwa na upande wa pili aende akazungumze na wakubwa wao, na usiku huo mwanao asilale hapo. Ukiona ni jambo la saa chache, nenda polisi, hata kama itamkasirisha. Atakasirika akiwa hai.

Nikuambie na linaloniuma. Siku aliyoshonwa zile nyuzi ndiyo ilikuwa siku ya kuzungumza naye. Glasgow tangu mwaka 2015 wameweka watu kwenye chumba cha dharura cha hospitali, kazi yao ni kukaa kando ya kitanda cha aliyejeruhiwa na kumuuliza anataka nini kibadilike. Mtu akiwa amelala damu haijakauka, huwa anasikia. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya hospitali nikamwona kijana anafungwa bendeji, anapewa dawa za maumivu, anatoka mlangoni na wenzake watano wanamsubiri nje. Wauguzi wanaosoma hapa, mtu huyo wa kando ya kitanda anaweza kuwa mwanakamati wa mtaa aliyejitolea, mkimruhusu aingie.

*Mama, mtaani kwetu kuna kiwanja kilichotelekezwa, majani yamefika kiunoni, takataka, na jioni vijana wanakusanyika humo. Tunataka kukisafisha lakini wapo wanaosema majani hayaui mtu. Je, tunapoteza muda? – Mwanamtaa*

Hapana, msipoteze nafasi hiyo. Mjini Philadelphia, Marekani, walichukua viwanja 541 vilivyoachwa, wakavigawa kwa kura. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao wenye uwazi wa kupita, na vikawa vinatunzwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: katika mitaa maskini, kupigana risasi kuzunguka viwanja vilivyotengenezwa kulipungua kwa asilimia 29. Majani marefu ndiyo sehemu ya kuficha silaha, na watu wakipaogopa mahali huacha kupita, basi pasipopita watu panabaki pa wenye nguvu.

Ila wale vijana wanaokaa humo waulizeni kwanza. Kiwanja ni sebule yao, hawana nyingine. Wapeni nao majembe, na mkimaliza wawekeeni benchi.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 27, nimetoka ndani baada ya miaka mitano. Nilimuumiza mtu. Sasa nawaona madogo wanafuata nyayo zangu, nao wananisikiliza kuliko wanavyowasikiliza wazee. Nimekwenda kwenye kamati kuomba nisaidie, wakaniambia nikae mbali na watoto wao. Polisi nao wakiniona na madogo wanadhani nakusanya genge. Niache? – Niliyetoka*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Na asante kwa kuandika "nilimuumiza mtu" bila kutafuta maneno ya kulainisha.

Wewe ndiye mtu ambaye kamati nyingi zinamhitaji na ndiye zinayemwogopa, kama mimi nilivyowaogopa wale watatu wa ukutani. Daktari Gary Slutkin alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, alifanya kazi Somalia wakati wa kipindupindu, kisha Shirika la Afya Duniani katika mapambano ya UKIMWI. Aliporudi Marekani alikuta vijana wanauana Chicago, akaona ramani ya mauaji inafanana na ramani ya maambukizi. Kule kwenye kipindupindu, watu waliowafikia wagonjwa walikuwa majirani zao, walioaminiwa. Basi mwaka 2000 alianza mpango katika mtaa wa West Garfield Park, ambao baadaye uliitwa Cure Violence, na walioajiriwa kuzima ugomvi walikuwa watu wa huko huko, wengi wao wamepitia magenge na jela. Sitakudanganya kwamba umefaulu kila ulikopelekwa. Kuna mitaa ambako risasi zilipungua sana na kuna ambako hazikupungua. Kutokana na niliyoyaona kwa macho yangu, panaposhindwa mara nyingi ni kwa sababu watu kama wewe wameachwa peke yao.

Mpango ulio karibu nasi zaidi ni wa Liberia. Monrovia, baada ya vita, shirika la wenyeji liliwafuata wanaume waliokuwa wakiiba, wakiuza dawa za kulevya, wakilala mitaani. Watafiti waliwahusisha wanaume 999. Wengine walipata mafunzo ya wiki nane, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Mafunzo yalikuwa ya vitendo: kuhesabu hasira inavyopanda, kunyoa nywele na kuvaa nguo safi, kisha kuingia benki au duka kubwa na kuzungumza na watu wakiwa watulivu, wao waliozoea kufukuzwa mlangoni. Waliofundisha walikuwa wametoka maisha yale yale, wengi wamepitia mafunzo hayo wenyewe. Miaka kumi baadaye waliopata mafunzo pamoja na pesa bado walikuwa mbali na uhalifu kuliko wenzao, na nafuu kubwa kuliko zote ilikuwa kwa wale waliokuwa wabaya zaidi mwanzoni. Wale ambao mtu angesema, hao tena hawafai.

Nakuomba mambo machache. Kwanza upate shughuli yako ya kula. Niliwahi kumweka kijana kama wewe kwenye kazi hii, hodari, alizima ugomvi ambao polisi sita wasingeuweza. Shirika tulilokuwa nalo halikumlipa kwa miezi minane, kila mwezi aliambiwa mwezi ujao. Mwezi wa tisa wenzake wa zamani wakamlipa wao. Nilimtembelea gerezani mpaka nilipostaafu, na kila mara alinipokea kwa tabasamu, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

Pili, na mapema, patana na polisi mbele ya mashahidi. Waambie hutakuwa mpelelezi wao, kwa sababu madogo wakijua unapeleka majina, kazi imekufa na maisha yako yako hatarini. Waambie vilevile kwamba hutaficha silaha ya mtu wala kukaa kimya ukijua mtu anakwenda kuuawa. Mkuu wa kituo mwenye busara atalielewa hilo. Asipolielewa, mwombe mtu anayemheshimu amweleze.

Tatu, usiku utakapokuwa mgumu, maana utasikia mambo ya kukurudisha ulikotoka, uwe na mtu mmoja wa kumpigia simu ambaye si wa mtaani. Wanaofanya kazi hii hubeba misiba ya wengine bila kupumzika.

Rudi kwenye kamati. Usiende peke yako: nenda na mtu wanayemwamini, hata kama ni mama yako mzazi. Usiombe kusaidia "vijana", neno hilo ni kubwa, linawatisha. Taja madogo wawili, kwa majina, ambao wazazi wao umeshazungumza nao. Omba miezi mitatu, jioni mbili kwa wiki, mahali pa wazi ambapo kila mpita njia anawaona, na mwanakamati mmoja awepo kila mara. Akikosekana yeye, siku hiyo ghairi, na uwaeleze kwa nini umeghairi. Kama yule mtu uliyemuumiza au ndugu zake wanaishi jirani, wafikie kwanza kupitia mtu wa kati, uwasikilize watakachosema, hata kikiwa ni kwamba hawataki kukuona. Kisha niandikie tena, uniambie hao wawili wanaitwa nani kwa majina ya utani, na ni yupi kati yao anayekusumbua zaidi.